Dhima ya Aliyefunua Shimo

Mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta aliyechagua fani ya usalama hufuzu kwa kuvunja. Alama zake hutokana na kadi aliyoinakili, kufuli aliyoifungua bila ufunguo, gari lililowaka kwa amri isiyo ya mwenyewe. Kwa mtu wa nje kazi hiyo ina sura ya utundu, lakini ina sababu yake. Mfumo wa kielektroniki hauthibitiki kuwa salama kwa kuutazama tu ukifanya kazi, maana hata ulio mbovu hufanya kazi vizuri mpaka siku atakapotokea mtu wa kuutumia kwa namna ambayo aliyeutengeneza hakuifikiria. Basi vyuo vikuu humtanguliza mtu huyo: hutafutwa mwenye nia njema avunje mapema, kabla hajafika mwenye nia mbaya. Tabu ni kwamba zao la kazi hiyo ni maarifa, na maarifa yakishachapwa kwenye tasnifu hayachagui msomaji. Hapo ndipo uhandisi unapoingia kwenye maadili. Anayegundua udhaifu wa chombo kinachotumiwa na watu wengi anabeba dhima gani juu ya madhara ambayo wengine watayafanya kwa ugunduzi wake? Na akinyamaza, anabeba dhima gani?

Swali hili lilikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, fundi wa kufuli kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs, alifungua kufuli ya Chubb mbele ya mashahidi, kisha akaigeukia ile ya Bramah, iliyokuwa imekaa dirishani pa duka kwa miaka mingi ikiwa na ahadi ya gini 200 kwa atakayeishinda. Ilimchukua saa 51 za kazi, zilizotawanyika katika siku 16. Wapo waliomlaumu kwamba anawasomesha wezi. Utetezi wa upande wake ulikuwa kwamba wezi wana bidii katika ufundi wao na wanajua mengi tayari. Asiyejua ni mwenye nyumba. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliligeuza wazo hilo kuwa kanuni ya ufundi: maandishi ya siri yatengenezwe kwa namna ambayo adui akijua kila kitu kuhusu mtambo, isipokuwa ufunguo peke yake, bado asiweze kuyasoma. Wahandisi wengi wamekwisha kuikubali kanuni hiyo. Kwa upande wa maadili mabishano hayajaisha.

Maandiko ya dini na vitabu vya sheria viligusa jambo hili kwa kuzungumzia shimo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo hukumu fupi kuhusu mnyama aliyetumbukia shimoni akafa: mwenye shimo amlipe mwenye mnyama, na mzoga uwe wake. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba hukumu hiyo inawataja watu wawili. Yupo aliyechimba shimo akaliacha bila kifuniko, na yupo aliyefunua tu shimo lililokuwapo. Wote wawili wanalipa. Marabi waliokusanya Mishna walilifanya shimo kuwa moja ya asili nne kuu za madhara, pamoja na ng'ombe na moto, wakalijengea mjadala mrefu: shimo la kina gani, liko kwenye njia ya nani, lilifunikwa vizuri au ovyo.

Mafakihi wa Kiislamu walilichambua shimo hilohilo kwa upande mwingine. Majalla, mkusanyo wa sheria za muamala uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, inasema katika kifungu cha 90 kwamba wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu humwangukia mtendaji. Mfano wake ni kisima kilichochimbwa kwenye njia ya watu wote: akija mtu mwingine akamtupa humo mnyama wa mwenzake, anayelipa ni aliyetupa, mchimbaji halipi. Lakini mnyama akitumbukia mwenyewe, aliyechimba njiani bila idhini ya wenye mamlaka atalipa. Na aliyechimba ndani ya milki yake halipi kitu.

Ukiziweka pamoja hukumu hizi mbili za kale, wanapatikana watu watatu: mchimbaji, mfunuaji na mtupaji. Katika usalama wa mifumo, mchimbaji ni kampuni iliyouza chombo chenye kasoro. Mtupaji ni mwizi anayeitumia kasoro hiyo. Mwanafunzi ni mfunuaji. Karibu ugomvi wote uliofika mahakamani kuhusu tafiti za namna hii umetokana na watu kuwachanganya hao watatu: kampuni humwita mfunuaji mchimbaji, na mfunuaji naye hujitetea kana kwamba hakugusa kitu.

Kesi iliyolidhihirisha jambo hili vizuri kuliko nyingine ni ya kadi ya MIFARE Classic. Chipu hiyo ilitolewa mwaka 1994, ikaenea kwenye kadi za nauli na za milango katika nchi nyingi. Ilikuwamo kwenye kadi ya Oyster ya London na kwenye OV-chipkaart ya Uholanzi. Usalama wake ulitegemea fumbo la hisabati lililoitwa CRYPTO1, ambalo kampuni yenye chipu ililificha kinyume cha mwongozo wa Kerckhoffs. Desemba 2007, jijini Berlin, Karsten Nohl, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Virginia, na Henryk Plötz walieleza jinsi fumbo hilo lilivyosomwa kutoka kwenye chipu yenyewe.

Namna walivyofanya inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha siri ile ilivyokuwa nyepesi. Kadi ilitumbukizwa kwenye asetoni, plastiki ikayeyuka, ikabaki chipu yenye eneo la milimita mraba moja hivi. Chipu ikasuguliwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likapigwa picha kwa hadubini ya kawaida inayokuza mara 500. Kwenye picha zilionekana sakiti ndogondogo za mantiki, kama 10,000, lakini za aina 70 tu, zikijirudiarudia. Programu ya kompyuta iliachiwa kazi ya kuzitambua zinazofanana. Watu wakabaki na kazi ya kutafuta ni pembe ipi ya chipu inayofanana na mtambo wa kuficha siri. Ufunguo ulikuwa na biti 48, mdogo kiasi kwamba kompyuta zinaweza kuujaribu wote. Nambari za bahati nasibu zilizopaswa kubadilika kila mara zilikuwa na biti 16 tu, tena zilifuata muda uliopita tangu kadi ipate umeme. Aliyeweza kuupima muda huo sawasawa alipata nambari ileile kila alipotaka. Wasomaji wa fani hii hujua kwamba kosa la pili ndilo la aibu zaidi. Ufunguo mfupi unaweza kutetewa kwa bei ya chipu ya mwaka 1994. Bahati nasibu inayojirudia haina wa kuitetea.

Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, Uholanzi, kilikuwa na kundi la wanafunzi na walimu waliofika kwenye fumbo lilelile kwa njia nyingine: waliisikiliza kadi ikizungumza na kisomaji chake, bila kuipasua. Mwanzoni mwa 2008 mmoja wao, Roel Verdult, akiwa bado mwanafunzi wa uzamili, alikuwa ameonyesha kwamba tiketi ya muda ya usafiri wa nchi hiyo inanakiliwa kwa kifaa kidogo. Mwezi Machi chuo kiliifahamisha serikali na kampuni ya NXP, mwenye chipu. Serikali ikaongeza ulinzi kwenye majengo yake yaliyotumia kadi hizo. Uchapishaji ukapangwa Oktoba. NXP ikaenda mahakamani kuomba makala yazuiwe, na tarehe 18 Julai 2008 mahakama ya Arnhem ikakataa. Hoja yake kubwa ilikuwa uhuru wa kutoa maoni; nyingine ilikuwa kwamba madhara ya kampuni, kama yapo, yametokana na kutengeneza na kuuza chipu yenye kasoro, wala hayakutokana na kuchapishwa kwa habari za kasoro hiyo.

Kwa lugha ya shimo, hakimu alimkataza mchimbaji asimpe mfunuaji jina lake. Hilo ni haki. Hata hivyo hoja hiyo peke yake haimalizi jambo, maana kitabu cha Kutoka hakikumwachia mfunuaji aende zake. Shimo lililofunikwa na majani linaweza kupitiwa miaka mingi bila mtu kutumbukia. Likifunuliwa, hatari yake inabadilika hata kama kina chake ni kilekile. Kilichowaokoa watu wa Nijmegen kimaadili ni ile miezi saba kati ya Machi na Oktoba, na walinzi waliowekwa milangoni katika muda huo. Walilifunua shimo, wakaita watu, wakasubiri. Dhima ya mfunuaji ni hiyo, na ni dhima ya kweli: kutoa onyo kwa anayeweza kufunika, na kumpa muda wa kufunika. Kuitimiza hakumfanyi kuwa ndiye aliyechimba. Asipoitimiza, mahakama inaweza kumwachilia, lakini dhamiri haiwezi.

Wapo wanaosema njia salama kabisa ni mwanafunzi kunyamaza: apewe shahada yake, tasnifu ifungiwe kabatini. Rai hii ina sura ya busara. Udhaifu wake unaonekana kwenye mambo ya kadi za benki nchini Uingereza. Kadi zenye chipu na nambari ya siri zilipoenea huko katikati ya miaka ya 2000, wateja walioibiwa walianza kukutana na jibu moja benki: kumbukumbu za mashine zinaonyesha nambari ya siri ilitumika, kwa hiyo mteja ama alishiriki ama alizembea. Wengine walinyimwa fidia kwa msingi huo. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, Steven Murdoch, Saar Drimer, Ross Anderson na Mike Bond, walionyesha kwamba kumbukumbu hizo zinaweza kusema uongo. Kifaa kikiwekwa kati ya kadi iliyoibwa na mashine ya dukani, kinaiambia mashine kwamba nambari ya siri imekubaliwa na kuiacha kadi iamini kwamba malipo yanathibitishwa kwa saini. Mwizi anabonyeza nambari yoyote, hata 0000, na risiti inatoka ikisema nambari imehakikiwa. Benki zilikuwa zimearifiwa miezi kadhaa kabla.

Mfano wa shimo uliotolewa na mafakihi na marabi haukuitazamia hali hii waziwazi, nayo ndiyo nzito kuliko zote: shimo ambalo tayari lina watu ndani yake, na mwenye shimo anawaambia wapita njia kwamba hakuna shimo, wale waliomo wamejitupa wenyewe. Hapo kunyamaza si kukaa kando. Anayejua akanyamaza anausaidia uongo unaomnyima mtu haki yake. Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anamzungumzia mlinzi aliyewekwa kutazama upanga ukija: asipopiga tarumbeta, damu ya atakayeuawa itadaiwa mikononi mwake, ingawa upanga si wake. Katika Uislamu, elimu ambayo jamii haiwezi kuishi bila mtu wa kuijua huhesabiwa kuwa faradhi kifaya. Imamu Ghazali aliutaja utabibu na hesabu kuwa mifano yake. Mji mzima ukikosa wa kuijua, wote wana dhambi. Ni vigumu kuona kwa nini elimu ya udhaifu wa mitambo inayobeba fedha za watu isiwemo kwenye hesabu hiyo leo. Waswahili nao walikwisha kusema juu ya mficha maradhi.

Mwanafunzi wa uzamili wa Cambridge, Omar Choudary, aliiendeleza kazi hiyo katika tasnifu ya mwaka 2010. Alitengeneza kifaa cha mkononi cha kuweka kati ya kadi na mashine. Lengo lake lilikuwa kumlinda mwenye kadi: kifaa kinaonyesha kiasi halisi ambacho mashine inataka kutoza, ili mtu asiamini tu maandishi ya kioo cha muuza duka. Kifaa hichohicho, kikipangiwa programu nyingine, kinafanya lile shambulio la nambari ya siri. Desemba 2010 chama cha watoa kadi cha Uingereza kiliandikia chuo kikitaka tasnifu iondolewe hadharani. Ross Anderson, mmoja wa watafiti wale wanne, alikataa kwa barua kali, akaidhinisha tasnifu itolewe pia kama ripoti ya maabara ili ipatikane kwa urahisi zaidi. Mwanafunzi alilindwa na chuo chake. Ulinzi huo hauko kila mahali.

Uadilifu unataka upande wa pili nao usemwe. Mwaka 2011 kundi la wezi nchini Ufaransa lilitumia kanuni hiyohiyo: walichukua chipu za kadi zilizoibwa, wakabandika juu yake chipu nyingine ndogo ya kudanganya, wakaifanya kazi yote ndani ya unene wa kadi moja. Kadi zilizobadilishwa zilikuwa 40 hivi, na wizi ulikaribia yuro 600,000. Mtupaji, basi, alifika. Je, Cambridge inadaiwa? Kwa kifungu cha 90 cha Majalla, la: mtendaji yupo, anajulikana, naye alikamatwa. Lakini swali la maadili halifungwi na kifungu cha sheria, na jibu la haki linapatikana kwa kuangalia mizani yote. Upande mmoja kuna fedha zilizoibwa kwa kanuni iliyokwisha kuchapishwa. Upande wa pili kuna wateja waliokuwa wakiitwa waongo kabla hata makala hayajaandikwa, na benki zilizokuwa na habari mapema. Mizani hiyo inawaelemea waliokuwa na uwezo wa kufunika wakachelewa. Hata hivyo upande wa kwanza hauwi mtupu. Mtafiti anayesema kwamba kuchapisha hakuna gharama yoyote hajasoma habari za Ufaransa.

Namna ya kusema nayo ina uzito, ingawa waandishi wa fani hii huipita haraka. Mwaka 2008 wanafunzi watatu wa MIT, waliopata alama ya juu kabisa katika somo la Ron Rivest kwa uchunguzi wao wa tiketi za reli ya Boston, walipanga kuueleza kwenye mkutano wa wadukuzi Las Vegas. Tangazo la mazungumzo yao liliuliza, kwa utani wa vijana, nani anataka kusafiri bure maisha yake yote. Mamlaka ya usafiri, MBTA, ikaenda mahakamani, na tarehe 9 Agosti amri ya kuwazuia ikatoka. Kwa kejeli isiyohitaji maelezo, MBTA ilikuwa imeiambatisha taarifa ya siri ya wanafunzi kwenye hati za kesi, na hati hizo zilisomwa na yeyote aliyetaka. Vielelezo vya mazungumzo vilikuwa vimekwisha kugawiwa kwa wahudhuriaji. Siku kumi baadaye amri ikaondolewa. Kabla ya mwaka kuisha pande hizo mbili zilipatana, na wanafunzi wakakubali kuisaidia mamlaka kurekebisha tiketi zake. Wanafunzi walikuwa wamezuia vipengele muhimu ambavyo mwizi angevihitaji, kwa hiyo kwa matendo walikuwa waangalifu. Kwa maneno walikuwa wapiga debe. Mafundisho ya dini huipima kazi kwa nia, na nia haionekani ila kwa dalili. Tangazo la kuita watu kwenye nauli ya bure ni dalili mbaya ya nia nzuri, na wasimamizi wa wanafunzi wangefanya vyema kulisoma kabla halijatumwa.

Ni lini mwanafunzi hukoma kuwa mfunuaji akawa mchimbaji? Msomaji wa Kurani atakumbuka kisa cha Musa na mja mwema ambaye wafasiri humtaja kuwa ni Khidhri, katika Sura ya Al-Kahf. Walipanda chombo cha maskini, na Khidhri akakitoboa. Musa akashtuka na kulaumu. Baadaye aliambiwa sababu: mbele yao alikuwako mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima, na kasoro ile ingekiokoa chombo kibaki kwa wenyewe. Kwa juu juu kisa hiki kinaonekana kumpa hati kila mtu anayeharibu kwa manufaa. Wanazuoni hawakukisoma hivyo. Khidhri alikuwa na elimu aliyofunuliwa na Mola wake juu ya yatakayokuja. Asiye na elimu hiyo anabaki upande wa Musa, upande wa sheria iliyo wazi, na kutoboa chombo cha watu bila idhini yao ni dhuluma.

Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walijikuta kwenye kosa hilo. Mtafiti wa uzamivu na msimamizi wake walitaka kupima iwapo watu wanaotunza kiini cha Linux, programu iliyo chini ya simu na seva nyingi duniani, wanaweza kupenyezewa kasoro kwa makusudi. Wakawapelekea mabadiliko machache yaliyojificha kama marekebisho, bila kuwaambia. Walieleza kwamba walihakikisha hakuna lililoingia kwenye programu yenyewe. Jambo lilipojulikana, Aprili 2021, mmoja wa watunzaji wakuu, Greg Kroah-Hartman, alikipiga marufuku chuo kizima kuchangia, na michango ya nyuma ya chuo hicho ikaanza kupekuliwa upya, kazi iliyowalia muda watu wasiolipwa na chuo. Kamati ya maadili ya chuo ilikuwa imeona utafiti huo hauwahusu binadamu, kwa kuwa kilichopimwa ni programu. Kosa lilianzia hapo hasa. Waliopimwa walikuwa wasomaji wa mabadiliko, watu wenye imani na uchovu wao, na hawakuombwa ridhaa. Kasoro haikuwapo kabla ya utafiti. Watafiti ndio walioileta. Shimo jipya kwenye njia ya watu wote ni shimo jipya, hata likichimbwa ili kuwafundisha watu kutazama chini.

Tofauti kati ya milki ya mtu na njia ya watu wote, iliyowekwa na mafakihi, inafaa hapa karibu bila kubadilishwa. Mwanafunzi anayenunua kadi yake, simu yake au kufuli yake na kuipasua mezani pake anachimba uani kwake. Anayejaribu ugunduzi wake kwenye seva ya benki inayofanya kazi, au kwenye akaunti za watu, amekwisha kutoka nje ya ua. Sheria za Afrika Mashariki zinasimama kwenye mpaka huohuo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na sheria ya Kenya ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta zote zinaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini. Zisichotofautisha kwa urahisi ni aliyeingia ili aibe na aliyeingia akatoka mbio kumwita mwenye nyumba. Malta, mwaka 2022, wanafunzi wa kompyuta walioandikia kampuni ya programu moja ya simu kuhusu kasoro waliyoigundua, wakaipa miezi mitatu ya kuirekebisha na kuulizia zawadi, waliishia kukamatwa na polisi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayesoma habari kama hiyo hujifunza somo lisilo zuri: kwamba akiona kasoro kwenye fedha za simu, ni salama kwake kupita kando.

Na kasoro hizo zipo kwa wingi. Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Florida, ambamo mwandishi wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Bradley Reaves, lilipitia programu 46 za fedha za simu za nchi zinazoendelea na kuzichambua saba kwa kina. Walikuta ukaguzi wa vyeti uliozimwa, na mafumbo ya kujitungia ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeyafumbua. Walipozirudia mwaka mmoja baadaye, sehemu kubwa ya kasoro ilikuwa bado ipo. Masharti ya matumizi ya huduma nyingi yalimbebesha mteja hasara ya wizi, kama zilivyokuwa zikifanya benki za Uingereza.

Yanabaki masuala ya muda wa kusubiri, ambayo wahandisi wameyajibu zaidi kwa tarakimu kuliko kwa hoja. Kituo cha CERT cha Marekani kilizoea kusubiri siku 45 kabla ya kutangaza; kundi la Project Zero la Google, lililoanza 2014, lilichukua siku 90. Tarakimu hizi zinafaa kwa programu, kwa sababu programu hufunikwa kwa sasisho linalofika kwa mtandao usiku mmoja. Chipu iliyomo kwenye kadi au gari haifikiwi na sasisho. Kifuniko chake ni kubadilisha kitu chenyewe, mkononi mwa kila mwenye nacho, na hilo huchukua miaka. Mtafiti anayehesabu siku 90 kwa gari kama anavyohesabu kwa kivinjari amelisahau neno kifuniko, ambalo ndilo lililobeba hukumu yote ya Kutoka.

Roel Verdult alilijua hilo kwa taabu. Akiwa sasa mwanafunzi wa uzamivu Nijmegen, yeye na mwenzake Barış Ege, pamoja na Flavio Garcia aliyekuwa amehamia Birmingham, walivunja Megamos Crypto, fumbo linalozuia gari lisiwake bila ufunguo wake halisi. Mwenye chipu aliarifiwa Novemba 2012, miezi tisa kabla ya tarehe ya kuchapisha. Volkswagen ikaenda Mahakama Kuu ya Uingereza, na Juni 2013 Jaji Birss akatoa zuio, kinyume na ilivyotokea Arnhem miaka mitano nyuma. Alitazama hatari ya magari mengi kuibwa, na pia chanzo cha fumbo hilo: watafiti walilichota kutoka kwenye programu iliyouzwa mtandaoni, ambayo asili yake ilitiliwa shaka. Mazungumzo yakaendelea miaka miwili. Agosti 2015 makala yalichapishwa karibu yote, yakiwa yameondolewa sentensi moja iliyoeleza hatua ya hesabu ambayo bila hiyo shambulio haliundiki kirahisi.

Mawakili walihitaji miaka miwili kufikia sentensi hiyo. Mwandishi na mwenye chipu, wakikaa meza moja mwezi wa kwanza, wangeweza kuipata kwa mchana mmoja, kama mwenye chipu angekubali kwanza kwamba shimo ni lake.